Wiki saba na damu ya ng'ombe: nilivyojifunza protini kwa maharage ya Mbeya

Mama yangu ni mtu wa Kyela, aliolewa akapandishwa huku Mbeya mjini, na toka nimepata akili namsikia analalamikia kitu kimoja tu, sio baridi, ni maharage. "Maharage ya huku hayaivi, yanakula mkaa bure." Kwao anasema ukibandika saa nne, saa sita mnakula, huku Uyole unabandika asubuhi na adhuhuri ukibonyeza punje bado inakugomea. Ameshalaumu mbegu, amelaumu wauzaji wa Mwanjelwa kwamba wanamuuzia ya msimu wa juzi, amelaumu mpaka mkaa wenyewe. Jibu nimekuja kulipata mwaka wa mwisho chuo, tena nikiwa natafuta kitu kingine kabisa.

Mradi wangu ulikuwa juu ya protini moja iliyomo kwenye maharage inaitwa lektini. Kwa ufupi, maharage mabichi yana sumu, sio sumu ya dawa ya kupulizia, ni protini ya mmea wenyewe, na mekundu yale makubwa ndo yanayo nyingi zaidi. Punje nne tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya masaa machache, tumbo linasokota na kuharisha juu. Ukiyapika vizuri inakufa na unakula raha mustarehe. Sasa kilichonipeleka huko ni mtoto wa dada, wakati ule ana miezi nane, na dada alikuwa anamtengenezea unga wa lishe, mahindi, karanga, na maharage, vyote vinasagwa vibichi mashineni, af uji unapikwa robo saa unaepuliwa. Nikawa najiuliza, robo saa inatosha kweli? Na je ziko aina za maharage ambazo hazina hiyo lektini, ili kina mama waambiwe hizi ndo za kusaga? Nikachukua aina tatu za sokoni, ya njano, kablanketi na jekundu, nikapeleka wazo kwa Dokta, msimamizi wangu, akakubali.

Kabla sijaendelea niseme protini ni nini manake shuleni tuliambiwa "chakula cha kujenga mwili" basi ikaishia hapo. Protini ni mnyororo wa vipande vinavyoitwa amino asidi, viko aina 20, vinafuatana kwa mpangilio maalumu, halafu mnyororo unajikunja wenyewe mpaka unapata umbo. Kazi yote iko kwenye umbo. Mimi niliielewa kwa kikapu cha Iringa, vile vya milulu. Milulu ukiwa nayo fungu tu huwezi kubebea viazi, lazima isukwe, na ukikifumua kikapu milulu yote bado ipo, haijapungua hata mmoja, ila viazi hubebi tena. Kupika maharage ni kufumua kikapu. Protini haiendi popote, ipo ndani ya sufuria na unaila na inakujenga, ila imefumuka na haiwezi tena kufanya ile kazi yake mbaya.

Na kazi yenyewe ni kushika. Lektini ya maharage ina minyororo minne imekaa pamoja, na kila mmoja una sehemu ya kushikia sukari, sio sukari ya chai, ni matawi ya sukari yanayoota juu ya ngozi ya seli. Kwahiyo inaweza kushika seli hii kwa mkono mmoja na seli ile kwa mkono mwingine ikazifunga pamoja. Tumboni inashika ukuta wa utumbo ndo unaumwa. Maabara tunaitumia tabia hiyohiyo kuipima, unachukua sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96, unaweka maji ya maharage, unayazimua nusu, nusu ya nusu, nusu yake tena mpaka mwisho wa mstari, af kila kisima unatia seli nyekundu za damu. Unasubiri. Kama lektini hamna, seli zinazama zinakaa chini katikati kama kitone chekundu. Kama ipo, zinashikana zinatanda chini yote kama mkeka. Haihitaji mashine ya mamilioni, macho tu, ndo maana niliipenda.

Damu. Hapo ndo palipo na stori yote.

Nilihitaji damu ya kuaminika kila wiki na nikafikiria machinjioni, ng'ombe wanachinjwa kila alfajiri, damu inamwagwa, kuna jamaa pale alikuwa ananijazia chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda. Naisafisha kwa maji chumvi mara tatu, nazungusha kwenye sentrifuji, seli zinakuwa safi nyekundu zinapendeza. Nikasaga maharage, nikaloweka unga kwenye bafa, yani maji ya maabara yanayotunza kiwango cha asidi kisibadilike, usiku kucha kwenye baridi, nikazungusha, nikachukua maji ya juu, nikapanga sahani yangu ya kwanza. Kitone. Kitone kitone kitone mpaka mwisho wa mstari. Ya njano vitone, kablanketi vitone, jekundu ambalo vitabu vyote vinasema ndo lenye lektini nyingi, vitone.

Nilidhani nimekosea kuchuja nikarudia. Vitone. Nikabadilisha bafa, vitone. Nikaongeza unga mara mbili, vitone. Nikapiga jeli, yani unaipitisha protini kwenye jeli kwa umeme zinajipanga kwa ukubwa, unaipaka rangi ya bluu unaona mistari, na mistari ilikuwepo! Ule mnene wa faseolini, protini ya akiba ya maharage, umekaa pale dalton elfu 45 mpaka 50 (dalton ni kipimo cha uzito wa protini), na chini yake mstari kwenye elfu 30 hivi ambao ndo ukubwa wa mnyororo mmoja wa lektini. Sasa nikawa nashangaa, ipo, naiona kwa macho, mbona haifanyi kazi?

Wiki ile umeme ulikuwa umekatika ijumaa jioni ukarudi jumapili, sampuli zangu zilikuwa kwenye friza, na mimi nikajipatia jibu, zimeharibika, umbo limefumuka, jeli haiwezi kuniambia manake kwenye jeli tunazichemsha na sabuni kwanza tunazifumua makusudi, jeli inakuonyesha milulu haikuonyeshi kikapu. Hoja ilikuwa nzuri tu, na ndo ubaya wake, ilikuwa nzuri kiasi kwamba sikuitilia shaka. Nikatengeneza sampuli mpya, nikazilinda kama mayai, nikawa nalala maabara siku za mgao nikibadilisha barafu. Vitone.

Wiki ya sita nikaanza kuamini kitu kingine kibaya zaidi. Nikaanza kuandika. Nina rasimu mpaka leo kwenye laptopu, nimeandika kwamba aina tatu za maharage yanayouzwa Mbeya hazikuonyesha shughuli ya lektini na zinaweza kufaa kusagwa bila kupikwa kwa ajili ya unga wa lishe. Sentensi hiyo niliiandika saa saba usiku geto, nimechoka, bumu limeisha, tarehe ya kuwasilisha inakaribia, na nikiisoma sasa hivi mwili unasisimka kwa sababu kuna mama angeisoma au angeambiwa na mtu aliyeisoma, na mtoto wake angekunywa ule uji.

Nikampelekea Dokta. Akasoma kimya, akarudi ukurasa wa njia za utafiti, akasoma tena. Hakukasirika. Akaniuliza,
"Damu ya nani hii?"
"Ya ng'ombe, Dokta."
"Na kuna siku yoyote umeona damu hii ikishikana na kitu chochote?"
Nikanyamaza. Sijawahi. Wiki sita sijawahi kuweka kwenye sahani kitu ambacho najua kwa uhakika lazima kishike, nikaona kinashika. Nilikuwa na kisima cha maji matupu cha kuonyesha "hamna", sikuwa na kisima cha kuonyesha "ipo". Akaendelea, "Umeniambia umeme umeharibu protini. Protini hii inakaa kwenye punje kavu ndani ya gunia msimu mzima. Ukiipasha nyuzi 65 masaa mengi bado inafanya kazi. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita siku mbili ndo iivunje?" Halafu akanipa kazi, nenda katafute seli za sungura.

Kumbe seli za ng'ombe zikiwa hivihivi, ile sukari ambayo lektini ya maharage inaitafuta haifikiki vizuri, imefunikwa na protini nyingine za juu. Watu wa fani hii wanajua miaka mingi, ukiziosha kwanza na tripsini, kimeng'enya kinachokata zile protini za juu, kuna aina za maharage zinazishika vizuri tu. Za sungura hazina shida hiyo. Nilipata kibali, mtaalamu wa mifugo akachukua damu kidogo sana kwenye mshipa wa sikio la sungura, nikaisafisha, nikapanga sahani kwa sampuli ILEILE niliyosema umeme umeiua.

Mkeka. Jekundu lilitanda mpaka kisima cha kumi. Kablanketi na njano nazo zikatanda, sio mbali kama jekundu lakini zikatanda. Nilikaa naitazama ile sahani nadhani nusu saa, nikaiinamisha dirishani kwenye mwanga, nikaita mwenzangu aje aone nisije nikawa naota. Wiki ya saba hiyo.

Baadae Dokta akanieleza jina lenyewe, kwamba mwaka 1954 mtu anaitwa William Boyd ndo alipendekeza hizi protini ziitwe lektini, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwa sababu haziokoti tu seli yoyote, zinachagua. Jina nililiandika ukurasa wa kwanza wa mradi wangu miezi kadhaa kabla na sikuuliza maana yake. Ningeuliza ningejua kwamba swali sio "inashika au haishiki", swali ni inamshika nani.

Usiku huo nikaweka bando nikashusha umbo la lektini yenyewe. Kuna hazina ya maumbo ya protini ilianzishwa 1971, mtu yeyote duniani anachukua bure, na umbo la aina mojawapo ya lektini ya maharage lipo mle toka 1996, lilipatikana kwa kugandisha protini mpaka iwe fuwele halafu kuipiga miali ya eksirei. Unaizungusha kwenye skrini, karibu yote ni utepe bapa umelala juu ya utepe bapa, na pembeni ya mahali pa kushikia kuna kalsiamu na manganizi, madini mawili yamekaa kama vifungo. Ni kitu kizuri jamani, sijui nisemeje. Siku hizi hata protini ambayo haijawahi kugandishwa kompyuta inakukisia umbo lake kwa kusoma mpangilio wa amino asidi tu, na kwa kazi hiyo Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobel ya kemia 2024 pamoja na David Baker. Mwanafunzi wa Mbeya mwenye simu na bando la jero anaangalia kitu ambacho zamani kilichukua watu miaka. Lakini umbo lile nililizungusha usiku kucha na hamna mahali limeandikwa kwamba ng'ombe hapana sungura ndiyo. Hilo ilibidi litoke kwenye sahani.

Sasa nikarudi kwenye swali la dada, kupika. Nikaloweka maharage, nikapasha mengine nyuzi 65, mengine 80, mengine yachemke kabisa, na hapo nikapata shida nyingine, kipimajoto. Maji yanatokota mapovu yanaruka lakini kinasoma 94. Nikachukua kingine, 94. Cha tatu nimekiazima chumba cha pili, 94 na nusu. Nikaenda kwa mzee wa maabara, fundi wetu, nikamwambia shikamoo mzee, naomba kipimajoto kizima, hivi vyote vimekufa. Akanitazama. "Marahaba. Kijana, wewe uko wapi?" Nikamwambia niko maabara. "Uko Mbeya," akasema, akaendelea kufuta meza.

Mia moja ile ya vitabuni ni ya usawa wa bahari. Ukipanda kila mita 300 hivi unapoteza kama digrii moja, na Mbeya tuko kama mita 1,700. Maji yetu hayafiki mia hata ukimaliza gunia zima la mkaa chini yake, ukichochea unayaongezea kukauka tu, joto linabaki 94 (labda ufunike kwa presha kuka, hapo ndo linapanda kwa sababu mvuke unabanwa). Nikakaa chini nikamkumbuka mama.

Krismasi tukashuka Kyela kwa bibi, nikakibeba kipimajoto kwenye soksi ndani ya begi. Ile barabara mnaijua, Uyole mnapita baridi na ukungu, Tukuyu mvua na migomba, halafu mnaporomoka mnavua masweta mmoja mmoja mpaka mnafika chini kwenye joto la ziwani, kama mita 500 tu hivi. Nikachemsha maji kwenye jiko la bibi. 98. Nikamwita mama aje asome mwenyewe. Hakusema neno muda mrefu, akasoma tena, akaniuliza, "Kwahiyo sio mbegu?" Nikamwambia sio mbegu mama, ni mlima. Digrii nne zinaonekana ndogo lakini punje kulainika na protini kufumuka vyote vinaenda kwa joto, ukipunguza kidogo unalipa kwa muda.

Majibu yangu ya kupika sio ya kutisha kwa anayepika kama mama, niseme hivyo mapema watu wasiache maharage. Yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa kweli nusu saa kwa kuhesabu toka maji yalipoanza kutokota sio toka yalipobandikwa, sikuona mkeka hata kisima cha kwanza. Na nani Mbeya anapika maharage nusu saa, hamna, mpaka yaive lektini imeshaenda zamani. Ya nyuzi 65 masaa manne yalitanda karibu kama mabichi. Kwahiyo kile kitendo cha kuacha sufuria kwenye majivu ya moto usiku kucha bila kutokota ili kuokoa mkaa, mimi nimeacha kabisa kukishauri, yachemke kwanza ndo uyafunike.

Uji ndo ulinitisha. Nilipika kama dada anavyopika, unga wenye maharage mabichi, robo saa. Uji mzito unadanganya, mapovu mawili matatu yanapasuka juu unasema umechemka, ukizamisha kipimajoto sehemu nyingine unakuta 80 na kitu. Nikaupoza, nikauzungusha, nikaweka maji yake na seli za sungura. Visima vinne vya mwanzo vilitanda. Unga uleule lakini maharage yamechemshwa kwanza, yakaanikwa yakakauka, ndo yakasagwa, uji wake ulitoa vitone tu, na safari hii pembeni kulikuwa na kisima cha maharage mabichi kimetanda, kwahiyo vile vitone niliviamini.

Nilipomaliza kutetea mradi, mmoja wa waliokuwa wananihoji anayefanya kazi na kifua kikuu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kuna kipimo cha damu cha kuangalia kama mtu ana maambukizi ya TB, na ndani yake kuna chupa moja ya uhakika, kazi yake ni kuamsha seli nyeupe ili mpimaji ajue damu iko hai na inajibu, manake isipojibu hata hapo, ile "hamna" ya chupa nyingine haina maana. Kinachowekwa kwenye chupa hiyo ni lektini ya maharage. Toka 1960 inajulikana inaamsha seli nyeupe zigawanyike, Peter Nowell ndo aliyeligundua. Protini yangu, niliyoipima wiki sita bila kisima cha uhakika, maabara nyingine yenyewe ndo kisima cha uhakika.

Ile rasimu ya saa saba usiku sijaifuta. Dada nilimpigia siku ileile ya uji, kabla hata sijamwambia Dokta, nikamwambia unga uliopo mwaga. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika kwa sababu kilo tano sio mchezo, nikamwambia nina uhakika. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama uani Uyole, ameanika maharage yaliyochemshwa kwenye mkeka, anayageuzageuza kwa mkono, anafukuza kuku, anasubiri yakauke ayapeleke mashineni.